Nundu Mbili za Shemeji

Paa la gari lile liliuawa mchana kweupe, kwa nyundo, mbele ya mashahidi, na muuaji alikuwa akipiga mluzi. Kisha akalipiga msasa, akaliosha, akalikabidhi kwa fundi rangi kama mtu anayemkabidhi bibi harusi.

Muuaji mwenyewe alikuwa fundi bodi hodari, na gereji nzima ilimwita Profesa. Jina hilo hakulipata darasani. Alilipata kwa ugonjwa wa kuhutubia. Ukimletea gari la michezo, hata kama umekuja kubadilisha kioo tu, hutoki bila kusomeshwa ukoo wake.

"Unayaona haya matundu ya ubavuni?" alikuwa akimwambia fundi rangi alasiri ile, gari likiwa limekauka na kung'aa. "Watu wanadhani ni urembo. Babu zake ni magari ya mashindano. Injini ilikuwa inajipika yenyewe, wakalitoboa gari mashavu kama samaki ili lipumue."

"Nilijua jana," fundi rangi alisema. "Na juzi." Huyu alikuwa mwanamke aliyeitwa Kipepeo, kwa sababu ovaroli lake lilibeba rangi ya kila gari alilowahi kupaka.

"Na huu mkia uliokatwa ghafla? Zamani walikuwa wanauchonga mrefu kama tone la maji. Wakagundua ukiukata, upepo unadanganyika, unapita kama vile mkia bado upo."

"Upepo una bahati. Unapita, unaenda zake. Sisi tumebaki na wewe."

Profesa alicheka, lakini macho yake yalikuwa getini. Gari lilikuwa la marehemu shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Siku shemeji alipozikwa, mwaka uliopita, Profesa alibaki gereji kumalizia gari la mteja, akafika makaburini watu wakiwa wanakung'uta viatu. Dada yake alimtazama mara moja, akageuza uso, na tangu hapo hakumsemesha. Simu hakupokea. Salamu zilirudi kama zilivyokwenda. Halafu ukuta wa banda ukaliangukia gari, na dada akamtuma binti yake alilete, na maneno haya: likirudi kama lilivyokuwa, nitakuja kulichukua mwenyewe.

Nitakuja mwenyewe. Profesa aliyabeba maneno hayo kifuani kama yai. Lile paa lililobonyea alilinyoosha kwa mapenzi yake yote, mpaka likawa sawa kama meza.

Binti wa dada alitangulia. Alilizunguka gari, akatabasamu, akapitisha mkono juu ya paa. Tabasamu likafa.

"Mjomba, nundu ziko wapi?"

"Nundu gani, mama?"

"Za paa. Zilikuwa mbili, moja huku, moja huku."

Profesa alizikumbuka vizuri sana. Alikuta katikati pamebonyea na pande mbili zimeinuka, akasema moyoni, matofali yamepiga katikati, pembeni pakafura. Akazishusha zote. Binti alimwonyesha picha kwenye simu: shemeji kwenye usukani, dada pembeni yake, na juu ya vichwa vyao, vilima viwili laini vyenye bonde katikati.

"Baba alikuwa anasema ni za magari ya mashindano," binti alisema polepole. "Paa liko chini mno, dereva na mwenzake wamevaa kofia ngumu, sasa vichwa viende wapi? Wakaviinulia bati. Lakini mama alikuwa anamwambia nundu ya upande wa abiria waliitengeneza kwa ajili ya nywele zake."

Profesa, bingwa wa mashavu na mikia, hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Mama yako yuko wapi sasa hivi?"

"Njiani."

Kilichofuata hakikuwa ufundi. Kilikuwa kilio chenye vifaa. Profesa alijitupa ndani ya gari, akang'oa kitambaa cha darini, akaanza kulipiga paa kutoka chini kwa nyundo ya mbao, huku Kipepeo akishikilia mfuko wa mchanga kwa juu na kulia kwa ajili ya rangi yake.

"Taratibu, Profesa! Hilo ni alumini, siyo sufuria ya mama yako!"

"Inainuka! Angalia, inainuka!"

Iliinuka kweli. Upande wa dereva kilitoka kitu kama kichuguu kilichochimbwa na mbwa. Profesa akahamia upande wa pili, jasho likimwingia machoni. Bati lile lilikuwa limeshapigwa likashuka, na sasa linaambiwa lipande. Lilivumilia kidogo. Kisha likatoa sauti nyembamba, kama kitambaa kizuri kinapochanika, na mstari wa mwanga wa jua ukaingia ndani ya gari.

Profesa aliuweka mkono pale kama anayezuia damu.

"Tupake pati, tuzibe ufa," alinong'ona. "Kipepeo, tafadhali, tupake pati haraka. Au nitamwambia... nitamwambia yapo magari kama haya ya paa bapa. Toleo la baadaye."

"Mwambie wewe," alisema Kipepeo, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Mimi sitakuwepo kwenye huo uongo."

Geti lilifunguliwa. Dada aliingia kwa miguu, amevaa nguo ya kutokea, nywele zimefungwa juu kwa kitambaa. Profesa alishuka, akasimama mbele ya gari kama mlinzi wa benki.

"Shikamoo dada. Karibu. Umeyaona matundu haya ya ubavuni? Babu zake..."

Dada alimpita. Alifungua mlango wa abiria, akaketi. Kilemba kikagonga bati. Aliinua macho akauona mwanga ukiingia kwenye ufa. Akakaa hivyo, shingo imekunjwa, mikono mapajani.

"Dada, sikujua," Profesa alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Nilidhani zimeharibika. Nikazinyoosha."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Na siku ile pia hukuuliza tunazika saa ngapi."

Profesa alitamani dada amtukane, amtupie nyundo, chochote. Dada hakumtupia kitu. Alisema tu, "Nundu yangu ilikuwa hapa," akagusa bati kwa kidole, juu kidogo ya ufa. "Irudishe."

"Nitairudisha. Niachie gari, nitafute bati jingine..."

"Sasa hivi. Mimi nimekaa."

"Dada, inapigwa kutokea ndani. Bati limechanika, likiachia litakukata."

"Basi ingia ndani."

Profesa aliingia upande wa dereva, akajikunja chini ya kile kichuguu chake, bega lake likagusa la dada yake kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Inamisha kichwa kidogo, dada."

"Nimeinamisha mwaka mzima. Piga."

Akapiga. Ufa ukarefuka. Dada hakusogea. Profesa akapiga tena.