Sahihi ya Mume Wangu

Watu wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na siku ile ndio ulioniponza. Nilimdhamini mume wangu mbele ya kapteni, tena huku nacheka, na watu sitini na wanane wakapanda ndege kwa dhamana yangu.

Mimi ni rubani msaidizi. Mume wangu ni fundi wa ndege katika shirika hilohilo. Asubuhi ile nilikuwa nyumbani, fundi ameshaondoka kwenda karakana, simu ikalia. Mpanga zamu. Mwenzangu tunayemwita Kijiti, kwa wembamba wake, alikuwa ameamka na homa kali, basi nimshikie safari. Nikavaa haraka haraka nikatoka.

Kabla ya kuruka, kapteni hufungua daftari la hitilafu. Humo marubani huandika ndege inaumwa nini, na fundi huandika ameitibu vipi. Jana yake rubani mwingine alikuwa ameandika kwamba kipimo cha mwendo cha upande wa kapteni kinachelewa. Chini yake kulikuwa na mwandiko ninaoujua kuliko wangu: mrija wa upepo umefunguliwa, umesafishwa, umepimwa, uko sawa. Na sahihi. Mrija huo uko puani mwa ndege, na upepo unaoingia humo ndio unaoisukuma sindano ya mwendo. Ukiziba, sindano inadanganya.

Kapteni, mzee wa watu aliyebakiza miezi michache astaafu, akakuna kidevu.

"Unaonaje, tumwite fundi aupime tena? Ni dakika ishirini tu."

"Kapteni naye! Huyo si mume wangu? Akitoka nyumbani anarudi mlangoni mara tatu kuhakikisha jiko la gesi limezimwa. Ukiona sahihi hiyo, wewe lala usingizi."

Akacheka, akalifunga daftari. Dakika ishirini zile nilizikataa mimi.

Tukaruka. Kwenye njia ya kurukia nilisoma mwendo kwa sauti kama kawaida, na sindano ya kapteni ilipishana na yangu kwa unywele tu. Nikaacha. Tulipoingia mawinguni ndipo sindano ya kapteni ilipoanza kupanda, ikapanda, ikapitiliza alama nyekundu. Kengele ya mwendo kupita kiasi ikaanza kugonga. Kapteni akainua pua ya ndege na kupunguza nguvu za injini, kama ambavyo yeyote angefanya.

Mimi natazama yangu, inashuka. Natazama ile ndogo ya akiba iliyo katikati, nayo inashuka. Moja inasema tunakimbia mno, mbili zinasema tunakaribia kusimama angani. Jamani! Mara usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwetu, na mtetemo ule una maana moja tu: mabawa yanakaribia kushindwa kutubeba.

"Kapteni, chako kinadanganya!"

Alikuwa amekikodolea macho. "Kimetengenezwa," akasema. "Si umeniambia kimetengenezwa?"

Nilihisi kama nimezabwa kofi.

"Kimetengenezwa wapi! Nipe ndege!"

"Ndege yako," akasema papo hapo, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, maana wapo wakubwa ambao wangetuua kwa ubishi.

Nikaishusha pua, nikasukuma injini. Ndege ikadondoka kidogo, nyuma watu wakapiga mayowe, kisha usukani ukatulia. Baada ya hapo nikafanya tunachofundishwa kila mwaka hadi tunakinai: usizikimbize sindano. Weka pua digrii nne juu, injini asilimia sabini na tano, na usubiri. Ndege haijui kudanganya, vipimo ndivyo vinavyodanganya. Kapteni akawa ananisomea ile ndogo ya katikati, nami nageuza taratibu kurudi tulikotoka. Tulitua salama. Nikabaki kitini mpaka abiria wa mwisho akashuka.

Mkaguzi wa ndege akaja na ngazi, akaufungua mrija, akauchokoa kwa waya. Ukadondoka udongo mkavu. Nyigu alikuwa amejenga mle ndani.

"Huu haujaguswa na mtu," akasema. "Udongo huu una siku nyingi."

Kukosea ningemsamehe. Fundi ni binadamu, mkono huteleza. Lakini hakukosea, hakufanya kabisa! Aliandika umefunguliwa, umesafishwa, umepimwa, na hakupanda hata ngazi. Miaka tisa nimelala kitanda kimoja na mtu huyu nikijisifu kwa wenzangu kwamba nimeolewa na mwanamume mwaminifu. Loo, nilivyoingizwa mjini!

Nikaenda chumba cha marubani kuandika taarifa. Mume wangu akaingia mbio, ovaroli limelowa jasho, akanikumbatia huku analia.

"Mke wangu. Sikujua kama ni wewe. Wallahi sikujua."

Nikamsukuma. "Kwa nini ulisaini?"

"Kifaa cha kupimia kilikuwa kituo kingine. Mkuu wa karakana akaniambia ndege haiwezi kulala hapa, nisaini, itakaporudi jioni niusafishe. Nikaona siku moja tu."

"Siku moja. Na mimi?"

"Wewe nilikutoa!" Alisema kwa pupa, kama mtu aliyepata pa kushika. "Jana nilimpigia mpanga zamu, nikamwomba akupumzishe. Ningekuacha vipi upande ndege ile? Nilikulinda."

Kweli jana jioni niliambiwa nimebadilishiwa, nikafurahia mapumziko.

"Akamweka nani badala yangu?"

Akaanza kujifuta mikono kwenye ovaroli.

"Nimekuuliza, akamweka nani?"

"Kijiti," akasema, akiangalia sakafu.

Kijiti, ambaye humwita mume wangu kaka. Kijiti ambaye mkewe amejifungua majuzi, na sisi ndio tuliokwenda kumwona mtoto. Jana usiku mume wangu alikula, akaoga, akanitakia usingizi mwema, akakoroma.

Mlango ukafunguliwa. Kapteni akasimama pale na mkaguzi nyuma yake, kofia mkononi, uso umemzeeka ghafla.

"Fundi anasemaje?" akaniuliza.

Mume wangu akanishika mkono, akaubana. Alikuwa ananiomba, na miaka yote tisa sikuwahi kumnyima kitu.

Nikautoa mkono wangu.

"Anasema alijua," nikasema. "Alijua tangu jana. Akanitoa mimi, akawaacha ninyi."