Aliyekuwa Akimwita Chiriku

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatano, kamera iliyokuwa juu ya kabati katika chumba cha Bibi iligeuza shingo bila kuguswa na mtu. Jicho lake lilitoka kitandani, likapita dirishani, likasimama likiutazama mlango wa nyuma, ulioonekana mwisho wa ukumbi.

Mjukuu wa Bibi, aliyetoka zamu ya usiku na koti jeupe la kazi bado mwilini, alikuwa pembeni ya kitanda, ameshika bilauri ya maji. Mtaani walimwita Mpimaji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima damu katika maabara ya hospitali, na kwa sababu, walivyosema, hata salamu huipima kabla ya kuipokea. Alitazama saa yake ya mkononi, akaiandika dakika hiyo nyuma ya bahasha ya dawa.

Kamera ile iliongozwa na simu mbili tu. Ya kwanza ilikuwa yake, nayo ilikuwa mfukoni mwake. Ya pili ilikuwa ya mama yake, fundi cherehani, aliyekuwa sebuleni na kazi yake. Mpimaji alitega sikio. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Usisimame mdomo wazi kama mtungi," Bibi alisema. "Kaa chini. Huwa anageuka kwanza, halafu ndiyo anaongea."

"Nani, Bibi?"

"Dada yako."

Bibi alikuwa amevunjika nyonga miezi mitano iliyopita. Miguu ililala, ulimi haukulala. Akili yake nayo ilikuwa timamu: asubuhi hiyohiyo alikuwa ametaja tarehe, majina ya dawa zake zote tatu, na kosa alilofanyiwa na jirani mwaka juzi. Kamera ilinunuliwa kwa ajili yake, ili mama na binti waweze kumwona na kuzungumza naye wanapokuwa nje.

Spika ya kamera ilikwaruza. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya juu, kama ya mtoto anayesema akiwa ndani ya debe.

"Chiriku."

Mpimaji aliweka bilauri chini.

Katika nyumba hiyo jina hilo lilikuwa halijatamkwa kwa miaka kumi na tisa. Chiriku alikuwa mtoto wa kwanza, msemaji kupita kiasi, ndiyo maana akapewa jina la ndege. Alifariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka saba, Mpimaji akiwa na minne. Baada ya mazishi Bibi alikuwa akizimia kila alipolisikia jina, basi mama akapiga marufuku. Wageni waliambiwa mlangoni kabla ya kuvua viatu. Jina likazikwa kama mwenyewe.

"Chiriku saba," sauti ilisema tena, taratibu. "Mbona leo kuna mtu?"

Kukasikika mlio mdogo. Kamera ikarudisha shingo kitandani na kunyamaza.

"Umemtisha," Bibi alisema. "Na hilo koti lako jeupe. Mtoto alikufa akiogopa makoti meupe."

"Ameanza lini kuja, Bibi?"

"Leo siku ya nane. Sikukwambia kwa sababu ungenipima joto."

Mpimaji alikwenda sebuleni. Mama yake alikuwa amekaa mbele ya cherehani, gauni la mteja limesimama nusu ya mshono chini ya sindano, mikono yake miwili imelala juu ya kitambaa. Uso wake ulikuwa umeelekezwa kwenye ukumbi unaokwenda chumbani kwa Bibi.

"Mama, umesikia."

"Nimesikia."

"Jana pia?"

"Nasikia kila siku. Ikifika saa nne nasimamisha mashine."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Kwa nani? Kwako?" Mama alivua miwani. "Wewe unapima damu, mwanangu. Hujapima kila kitu."

Mpimaji hakubishana. Alivuta kigoda akakaa. Alikuwa na swali moja, naye aliliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa muda aliokula mara ya mwisho.

"Kuna mtu aliwahi kumwita Chiriku saba?"

Mama aliifuta miwani kwa kipande cha kitambaa.

"Sisi tulimwita Chiriku. Bibi alimwita Chiriku. Hiyo saba ya nini, Mama?"

Jibu lilitoka likiwa kamili, kama kitu kilichokuwa kimekunjwa vizuri kwa muda mrefu. Mama alikuwa amekataza jina hilo lisitamkwe, lakini hakuwa ametaka life. Alipopata simu yake ya kwanza, na simu ikamtaka neno la siri, aliandika jina la bintiye na umri wake: Chiriku7. Halafu akaliandika kwenye barua pepe. Halafu kwenye ukurasa anaopokelea oda za nguo, kwenye duka la vitambaa la mtandaoni, na kwenye kamera. Kila mlango ulipomuuliza neno, alilitoa hilohilo. Kwa siku aliliandika mara nne, mara tano. Ndiyo namna pekee aliyobaki nayo ya kumwita.

"Vidole havikatazwi," alisema.

"Mama, ni nani mwingine anajua kwamba unaandika hivyo?"

"Hakuna."

"Basi huyo anayeongea kule anajua neno lako la siri. Analisoma kama lilivyoandikwa. Yeye hamjui Chiriku. Anajua herufi zake."

Mama alivaa miwani, akalishika gurudumu la cherehani, lakini hakulizungusha.

Mpimaji alirudi kwa Bibi na ile bahasha. Alitaka kujua jambo la pili: mgeni huyo alikuwa akitaka nini. Bibi, aliyekuwa na siku nane za maongezi kifuani na hakuna aliyemuuliza, alimwaga yote. Mtoto alimuuliza kama analala peke yake. Mtoto alimuuliza mama anatoka saa ngapi kupeleka nguo kwa wateja, naye akamwambia saa nane, kila siku isipokuwa Jumapili. Mtoto alimuuliza habari za mlango wa nyuma.

"Alitaka kujua nini kuhusu mlango, Bibi?"

"Ufunguo unawekwa wapi."

"Ukamwambia?"

"Mtoto anataka kuingia kwao," Bibi alisema, "mimi nimnyime?"

Mpimaji aliandika: mlango wa nyuma, ufunguo, saa nane. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na moja. Alitoka ukumbini, akautwaa ufunguo chini ya ndoo ulikokuwa ukiwekwa, akaufunga mlango kwa ndani na kusukumia meza. Kisha akaifunika kamera kwa taulo. Bibi alilalamika kwamba mtoto atakosa hewa.

Fundi wa kamera, aliyepigiwa simu na Mpimaji, alifika saa sita kasorobo. Alikuwa pande la mtu, mwenye sauti nzito iliyotangulia kifua chake kuingia mlangoni. Yeye ndiye aliyeiweka kamera miezi minne nyuma.

"Mama, shikamoo. Neno la siri la kamera... hapana, usiniambie! Niambie tu linafungua na vitu gani vingine."

"Vyote," Mpimaji alijibu kwa niaba yake.

"Vyote vipi, dada? Barua pepe?"

"Barua pepe, ukurasa wa kazi, duka la vitambaa, simu. Vyote."

Fundi alishika kichwa. "Mama yangu, huo ni ufunguo mmoja wa nyumba, kabati na choo! Mwizi akiupata, hata haja atakwenda kwako." Aliona hakuna anayecheka, akashusha sauti. "Na mimi nina kosa. Siku ile nilikuona ukiandika upesi, herufi chache, nikajua ni neno la zamani. Nilikuwa nawahi kwa mteja mwingine. Nikanyamaza."

Aliomba simu ya mama, akafungua orodha ya vyombo vilivyoingia kwenye kamera. Vilikuwa vitatu. Simu ya Mama. Simu ya binti. Cha tatu hakikuwa na jina, kiliingia mara ya kwanza Jumatano iliyopita, saa nne na dakika tisa asubuhi. Kwenye barua pepe chombo hichohicho kilikuwa na wiki sita tangu kiingie. Duka la vitambaa lilikuwa limeibiwa orodha ya wateja wake pamoja na maneno yao ya siri, na lilikuwa limewaandikia wateja wote wabadilishe maneno yao ya siri. Ujumbe huo ulikuwapo. Mama alikuwa ameusoma nusu na kuufuta, akidhani ni tangazo.

"Tunamtoa sasa hivi," fundi alisema. "Tunabadilisha kila kitu."

"Hapana," mama alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Kamera mtaifunga, sawa. Mlango mtabadilisha kitasa, sawa. Neno langu liacheni."

"Mama, neno ndiyo mlango wenyewe."

"Najua ni mwizi. Sijawa mjinga." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyemwita mwanangu. Amekuja mwizi, amemwita. Asiye na mwana aeleke jiwe. Niacheni na jiwe langu."

"Jiwe hilo limeshamuuliza Bibi ufunguo uko wapi," Mpimaji alisema.

"Unafikiri sijakusikia ukimhoji?"

Fundi wa kamera hakuwa mtu wa maneno ya kufariji, na hakujaribu. Aliuliza kama anaweza kufanya jaribio moja. Aliondoa taulo, akawaacha mama na binti chumbani kwa Bibi, akatoka na simu ya Mpimaji mpaka barabarani. Walimwona dirishani akiwa ng'ambo, mwili wake mkubwa umeegemea nguzo, simu mdomoni.

Spika ilikwaruza.

"Moja, mbili, tatu. Mnanisikia?"

Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, ya mtoto ndani ya debe.

"Huyo hapo!" Bibi alisema. Alitazama dirishani, akamwona fundi anapunga mkono, akatazama kamera. "Kumbe dubwana lile nalo likiongea humu ni mtoto."

"Spika ni ndogo kama sarafu," fundi aliendelea kwa sauti ile ya kike, ya kitoto, akiwa bado barabarani. "Haina nafasi ya sauti nzito. Kila mtu akipita hapa anatoka hivi. Semeni nirudi."

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameishika mikono ya Bibi. Hakulia. Mpimaji alimtazama kwa makini na hakuona machozi. Aliona tu kwamba midomo ya mama yake ilitikisika mara moja, kama mtu anayejaribu kutamka, na haikutoa sauti.

"Lete simu," mama alisema hatimaye.

Kazi ilichukua saa mbili na robo. Fundi alieleza: maneno manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa, marefu, yasiwe jina la mtu wala tarehe, na kila mlango uwe na lake. Ayaandike kwenye daftari, daftari likae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na kamera. Pia kila anapoingia kwa chombo kipya, atumiwe namba ya kuthibitisha, na namba hiyo asimpe mtu, hata fundi, hata askari.

"Usiniambie hata mimi," alirudia.

"Nikwambie wewe ili uniimbie kwa hiyo sauti yako?"

Walianza na barua pepe, kwa sababu huko ndiko milango mingine yote huomba ruhusa. Mama aliukinga uso wa simu kwa kiganja. Mpimaji, aliyekaa pembeni na orodha, aliona tu nukta zikijipanga: ishirini na sita. Kila mlango ulipokamilika alipiga mstari. Ukurasa wa kazi. Duka la vitambaa. Simu. Kamera ilikuwa ya mwisho. Programu iliuliza kama vyombo vingine vyote vitolewe, na mama akabonyeza ndiyo. Kile kisicho na jina kilitoweka kwenye orodha saa tisa na dakika mbili alasiri. Fundi alimfungulia Mpimaji akaunti yake mwenyewe na kuweka taarifa: mtu yeyote akijaribu kuingia, binti ataona kwenye simu yake.

Kitasa cha mlango wa nyuma kilibadilishwa saa tisa na nusu. Mpimaji alipeleka maelezo kituo cha polisi, wakayapokea, wakampa namba ya jalada.

Aliporudi, simu yake ilikuwa na taarifa tatu. Chombo kisichojulikana, saa kumi na dakika nne: neno la siri si sahihi. Saa kumi na dakika tano: neno la siri si sahihi. Saa kumi na dakika kumi na moja: neno la siri si sahihi. Hakukuwa na ya nne. Alizionyesha kwa Bibi, ambaye hakuwa na miwani, na Bibi akauliza kama mtoto amekula.

Sebuleni cherehani ilikuwa imenyamaza tena. Mpimaji alisimama kwenye kizingiti cha ukumbi. Mama yake alikuwa amempa mgongo, simu mikononi, dirisha mbele yake. Programu ya kamera ilikuwa wazi. Alibonyeza palipoandikwa *toka*, na programu ikamtoa. Ikamwonyesha kisanduku kitupu, ikamuuliza neno.

Kidole gumba kilishuka, kikapanda. Mpimaji alihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yake. Mara nane: herufi saba na namba moja.

Simu iliyokuwa mkononi mwake ilitikisika. Simu ya Mama, saa kumi na moja na dakika nane jioni: neno la siri si sahihi.