Upawa wa Saba

Siku ya kumi na mbili tangu iachwe, sufuria ya msusi ilikuwa bado rafuni na mpishi alikuwa bado anaijaza. Haikuwa vigumu kuitambua kati ya vyombo sitini vya mtaa mzima. Kishikio cha mfuniko wake kiling'oka zamani, na mwenyewe alikuwa amepitisha nywele za bandia kwenye lile tundu, akazisuka msuko mwembamba, akaupiga fundo. Kila mvuke ulipousukuma mfuniko, msuko ule ulitikisika kama mtu anayekataa jambo. Mpishi alikuwa akiupa mgongo.

Shule ilifungwa tangu maradhi yalipoingia mjini, ila jiko lake halikupoa. Kamati ya mtaa ilikusanya mchele na maharage kwa ajili ya waliokosa kazi, na mpishi, aliyekuwa amepika pale miaka kumi na tisa, akaachiwa upawa. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Asubuhi familia inaacha chombo dirishani, saa saba inakuja kukichukua. Hakuna kuingia, hakuna kukaribiana, na kila kichwa upawa mmoja. Kanuni hii ya mwisho aliitunga mwenyewe, akaisimamia hadi watu wakambandika jina la Mama Upawa. Hakulichukia. Chakula kilitosha kwa sababu yake, na alijivunia hilo.

Msusi alikuwa na vichwa sita: watoto watatu, mama mkwe, mume aliyekuwa mchukuzi sokoni kabla soko halijafungwa, na yeye mwenyewe. Kazi yake ndiyo iliyotangulia kufa, maana nani angesukwa na mtu aliyesimama hatua mbili nyuma? Siku moja aliinama dirishani akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, niongezee leo. Hata upawa mmoja tu."

"Nyumba yako ni sita, mdogo wangu."

"Najua."

"Basi huyo wa saba yuko wapi? Au umemficha ndani ya kilemba?"

Foleni ilicheka. Ilikuwa haijacheka siku nyingi, na mpishi alifurahi kuichekesha. Msusi naye alicheka, akashika kilemba chake kana kwamba anahakikisha, akaondoka na sita zake. Kesho yake asubuhi aliacha sufuria kama kawaida. Saa saba hakuja.

Watu walisema gari la wagonjwa lilifika, likawachukua wote sita, na mlango ukatiwa kufuli. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua, au aliyejua hakusema. Mpishi alijiambia kwamba watarudi, na mtu akirudi kutoka ugonjwani asikute chombo kitupu. Ndivyo alivyojieleza mwanzoni. Siku ya tano alijaribu kuiacha bila kuijaza. Alipika kutwa nzima nywele zimemsimama, akijua iko nyuma yake, tupu, inasubiri. Tangu hapo akawa anaijaza kabla ya vyombo vyote, na foleni ikikaribia kuisha humwita mlinzi wa shule aje achukue.

"Mimi?" mlinzi alishangaa. "Mama, hicho kina mwenyewe. Nikikila nikaulizwa, nitajibu nini? Niache na njaa yangu, tumezoeana."

Basi hukimimina katika chombo cha mtu wa mwisho, ambaye huondoka haraka asije akaambiwa ni makosa. Pawa sita za ziada, kila siku, na hakuna siku chakula kilipungua. Hesabu hiyo mpishi aliifanya mara moja tu, akaogopa kuirudia.

Siku ya ishirini na mbili, vyombo vyote vikiwa vimeshachukuliwa ila cha mtu wa mwisho ambaye hajafika, mwanamume alipiga hodi dirishani. Shati lilimpwaya, na pajini alikuwa akifutafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Nimekuja kuchukua sufuria ya mke wangu," alisema.

Mpishi alimtazama usoni, akajua. Hata hivyo alingoja aambiwe.

"Tumerudi watano."

"Pole, shemeji," alisema, na neno likatoka dogo kuliko alivyotaka.

"Tumeshapoa, dada. Kisichonitoka akilini ni jambo moja. Mama yangu ana miaka sabini na miwili, na amepona. Daktari ananiambia mke wangu hakuwa na nguvu mwilini za kupigana na ugonjwa. Nikamwambia, haiwezekani. Huyu ndiye peke yake nyumbani aliyekuwa anashiba."

"Anashiba?"

"Si ulikuwa unamlisha hapa?" Mwanamume alitabasamu kidogo. "Akishatupakulia hukaa kando. Tukimkaribisha anasema, 'Mimi nimeshakula jikoni kwa dada. Haniachii niondoke mpaka nimalize sahani.' Watoto walikuwa wanamwonea wivu. Mama yangu hamalizi sala bila kukutaja. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Sufuria ningeweza kumtuma mtu. Nimekuja kukushukuru."

Mpishi alishika ukingo wa dirisha. Tangazo la kukataza watu kuingia lilikuwa limebandikwa hapo hapo, juu ya kichwa cha mwanamume yule. Angeinua macho angelisoma. Aliona aibu, aibu nzito ya kupewa shukrani kwa sahani ambayo haikuwahi kuwapo, na alitaka kuitua. Lakini akiitua ataiweka wapi? Ataiweka kwa mtu huyu, aliyekuwa akila upawa wake na kipande cha upawa wa mkewe, huku mkewe amekaa kando akimtazama.

"Alikuwa anakaa wapi?" mume aliuliza.

Mpishi aligeuka. Jikoni mlikuwa na kigoda kimoja, chake mwenyewe, karibu na gunia la mkaa.

"Pale."

"Alikuwa anakula haraka?"

"Haraka."

"Ndivyo alivyo. Namwambia kila siku, utapaliwa." Alikitazama kile kigoda kana kwamba kuna mtu anayemalizia kula, naye hataki kumharakisha. "Alikuwa anaongeza?"

"Siku moja aliomba," mpishi alisema.

"Ukampa?"

Rafuni, mfuniko uligonga mdomo wa sufuria, ukatulia. Mpishi aliishusha, akaifunua. Pawa sita zilikuwa ndani, alizozitia tangu asubuhi kama ilivyo ada. Alichota upawa wa saba, umejaa hadi unamwagika, akautia juu ya ule wa sita. Mchuzi ulimchoma kidole.

Mwanamume aliutazama mkono ule. Kisha akakitazama kigoda tena, muda mrefu zaidi. Halafu macho yake yakapanda taratibu hadi kwenye tangazo, yakabaki hapo.

"Sisi ni watano sasa," alisema.

"Najua."

Aliipokea sufuria kwa mikono miwili. Msuko wa nywele ulilala juu ya kidole gumba chake, na aliondoka akitembea polepole asije akamwaga.

Kesho yake asubuhi mpishi alikitoa kigoda nje, akakiweka chini ya ukingo wa paa, hatua mbili kutoka dirishani. Wa kwanza kufika alikuwa dobi, mama wa watoto wanne, na ndoo yake ndogo ya plastiki. Aliiweka dirishani, akageuka aende.

"Subiri," mpishi alimwita. Alikuwa ameshapakua sahani. "Kaa hapo ule kwanza."

Dobi alikitazama kigoda, akaitazama sahani, akameza mate.

"Usijisumbue, dada," alisema. "Mimi nimeshakula nyumbani."

Mpishi hakuirudisha sahani ndani. Aliishikilia pale dirishani, mkono umenyooka, hadi mvuke ukaisha.