Nusu Dola Zenye Kitone cha Kijani

Sarafu ya fedha haiwezi kupita mbele ya macho yangu nikaikosa. Nalisema hili bila haya. Nimwagie mezani gunia zima la nusu dola, na ile ya fedha nitaiona kabla haijaacha kuzunguka. Kaka yangu Darrell alihitaji miwani na taa ya mezani. Mimi, Clint Hudak, nilizaliwa na macho ya kunguru.

Basi sikia macho hayo yalivyonifanyia siku ya kwanza. Nilitoka mbio nyumbani na sarafu mkononi, koti wazi, theluji ya mwisho mwisho ikinipiga usoni, mpaka duka la mzee Szabo anayenunua fedha kuukuu. Nikaibwaga juu ya kioo kwa mbwembwe zote.

"Mwaka?" Szabo akauliza bila kuinuka kitini.

"Sabini na saba. Lakini itazame inavyong'aa, mzee!"

Akaitazama kidogo. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu zaidi.

"Kijana, hii imefuliwa. Kuna mtu aliisahau kwenye suruali ikaingia mashine ya kufulia. Hongera, umepata nusu dola yenye thamani ya nusu dola."

Ndiyo hivyo. Macho ya kunguru.

Ngoja nirudi nyuma, maana nimekurukisha ngazi. Hapa kwetu kando ya mto Monongahela, mji ambao kiwanda chake cha chuma kilizimwa kabla sijazaliwa, kuna watu wanaokwenda benki kununua pesa kwa pesa. Usicheke. Benki huzifunga sarafu ndani ya karatasi ngumu, zikalaliana kama biskuti. Tunaiita misokoto, na siyo ile unayoifikiria wewe. Unatoa noti, unapewa misokoto ya nusu dola, unakwenda kuipasua nyumbani. Zilizotengenezwa mwaka sitini na nne kurudi nyuma ni fedha kweli, madini, si jina tu. Nyingi zilizofuata ni shaba iliyovalishwa koti. Hata sura ya Rais Kennedy iliyo juu yake huitazami, unatazama ukingo. Ukiona mstari wa kahawia, hiyo ni shaba. Ukiwa mweupe wote, mshukuru Mungu na ufunge mdomo. Kazi yenyewe ni hiyo, kutafuta fedha ndani ya pesa.

Darrell alikuwa na ugonjwa huo. Jumamosi asubuhi, akishajisugua harufu ya matairi ya gereji, alikaa mezani jikoni na misokoto yake kama kasisi na vyombo vya ibada. Nilikuwa nikipita nyuma yake nikimwambia, "Baba Mtakatifu, leo umebariki ngapi?" naye ananirushia karatasi tupu kichwani.

Alikuwa na sheria. Ya kwanza, sarafu uliyokwisha kuitazama uitie alama, ili ikikurudia isikupotezee muda. Wengine hutumia kalamu. Yeye alitumia rangi ya kucha ya mama, kijani kali kama ya chura, ambayo mama aliinunua kwa sherehe ya Mtakatifu Patriki, siku ambayo kila mtu huvaa kijani, akaipaka mara moja, akajiona kichekesho, akaitupa kwenye droo ya betri zilizokufa. Darrell akaifufua. Kitone kimoja chini ya sikio la Kennedy, basi. Kwa watafutaji, sarafu yenye alama ni takataka. Ukiiona unaisukuma pembeni, mwenzako alishapita hapo.

Sheria ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Usirudishe sarafu kwenye benki ulikozitoa. Vuka daraja, ukaimwagie benki ya ng'ambo. La sivyo utakuwa unajiuzia takataka zako mwenyewe. Kwa hiyo sarafu zake zilizokwisha kutazamwa zilikaa chumbani ndani ya debe la kahawa, zikisubiri safari ya kuvuka daraja.

Fedha aliyoipata aliiuza yote mara moja, kwa Szabo huyo huyo, akamnunulia mama jiko jipya lenye mlango wa kioo. Mama alilizunguka jiko lile kama mtu anayetazama farasi.

Januari kukawa na barafu kwenye kona ya daraja. Sitaeleza zaidi. Gazeti lilieleza, na bado likakosea jina la katikati la Darrell.

Mama hakukigusa chumba chake mpaka mwezi wa tatu. Siku alipoamua, aliamua kweli. Nilirudi kutoka kazini, ninakoosha magari, nikakuta nguo zimekunjwa, viatu vimefungwa kwa kamba, mabegi yamepelekwa kanisani.

"Na lile debe?" nikauliza.

"Nimelipeleka benki. Lilikuwa linanitazama, Clint. Kila nikipita mlangoni, linanitazama."

"Benki ipi?"

"Yetu, ipi tena? Pesa si pesa?"

Nikasema, "Pesa ni pesa, mama." Nikala zangu viazi.

Wakati huo sikuwa na huzuni yoyote juu ya debe, nikuambie ukweli. Nilichowaza ni kwamba kiti mezani kiko wazi na pengine bahati ya Darrell imebaki pale. Nilikuwa na tamaa ya pikapu ya jirani yetu. Nikachukua mshahara wa wiki nikaenda benki, kwa Bi. Petrosky wa kaunta, anayeimba na mama kwaya.

"Nipe nusu dola zote ulizonazo."

"Yesu wangu. Na wewe umeanza ugonjwa wa..." Akainama chini ya kaunta na kukaa huko muda mrefu kuliko misokoto inavyohitaji. Alipoinuka pua yake ilikuwa nyekundu. "Chukua hii kwanza, mpenzi. Nyingine bado hatujazifunga."

Msokoto wa kwanza kuupasua ndio ulionipeleka mbio kwa Szabo. Niliporudi nimenywea, nikaupasua wa pili, bila hamu, kama mtu anayemenya karanga. Shaba. Shaba. Shaba. Halafu Kennedy mmoja mwenye kitone cha kijani chini ya sikio.

Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili. Ukaisukuma pembeni, kama sheria inavyotaka: takataka, mwenzako alishapita.

Kisha nikaelewa ni mwenzangu gani.

Niliirudisha karibu. Kitone hakikuwa duara. Darrell alikuwa na haraka. Alikigusa kikiwa bado kibichi, na juu yake pamebaki mistari midogo ya kidole. Kidole gumba cha mtu ambaye nilimwona akizikwa na glavu nyeupe mikononi kwa sababu mikono haikufaa kuonyeshwa.

Pikapu ya jirani ikafutika kichwani. Nilizitaka hizo takataka. Zote, debe zima, kabla hazijatawanyika duniani na kununua soda.

Kesho yake nikamuuliza Bi. Petrosky, kwa sauti ya mtu asiyejali, nusu dola zikizidi benki huwa zinakwenda wapi.

"Mwisho wa mwezi linakuja gari la kivita la kusafirisha pesa, linazibeba. Hakuna anayezitaka zaidi ya nyinyi wagonjwa."

"Usiwape."

"Clint, mimi ni wa kaunta, si mkuu wa majeshi. Njoo uzinunue kabla hazijaondoka, hiyo ndiyo njia."

Basi nikawa nakwenda. Nanunua, napasua, nachukua za kijani, zilizobaki nazirudisha ili nipate noti za kununulia nyingine. Narudisha pale pale, benki ile ile, nikivunja sheria kubwa ya kaka yangu kila siku, maana kuvuka ile kona ya daraja sikuweza. Alama yangu nayo sikuitia. Ningetia alama, ningechanganya zake na zangu. Kwa hiyo nilitazama sarafu zile zile, nikazirudisha, nikauziwa tena, nikatazama tena.

"Hizi si ndizo ulizoniletea jana?" Bi. Petrosky akauliza. "Huyu hapa mwenye mkwaruzo puani namfahamu mpaka jina."

"Nazipa matembezi. Zimechoka kukaa ndani."

"Kaka yako alikuwa na akili zaidi."

"Alikuwa pia na pua kubwa zaidi, hamtaji hilo."

Za kijani nilizificha kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye rafu ya vitu vya michezo, ndani ya soksi ndefu ya Darrell ya mpira wa magongo wa barafuni. Mama sikumwambia. Alikuwa ameanza kula tena. Alikuwa amecheka mara moja, kwa bahati mbaya, televisheni ikiwashwa. Ningemwambia nini? Kwamba alimchukua Darrell akammwaga kaunta? Nilimwambia natafuta fedha, nitatajirika, nitamnunulia nyumba Florida yenye mamba wake mwenyewe. Uso wangu ulikuwa mkavu. Katika hilo pia nilijiona bingwa.

Jumapili ya mwisho kabla gari la kivita halijaja, tulitoka kanisani nikamwaga mezani misokoto ya mwisho niliyouziwa. Mama alikuwa anakaanga kabichi na tambi kwenye jiko lake. Akapunguza moto, akafuta mikono, akavuta kiti. Kiti kile.

"Nifundishe."

"Utachafua kucha, mama."

"Nimekuosha makalio yako mimi, niogope sarafu? Nifundishe."

Nikamfundisha. Nikamwonyesha ukingo, mstari wa kahawia, weupe. Nikamwambia bakuli hili ni la kurudisha benki. Alishika kila sarafu kwa vidole viwili na kuinyanyua dirishani, polepole, kama anayechungua yai. Mimi nilikwenda haraka. Nilikuwa natazama chini ya sikio tu.

"Hii imechafuka," akasema.

Alikuwa nayo kiganjani. Kijani.

"Ah, hiyo." Sauti yangu ilitoka vizuri, naapa. "Hiyo ni ya kutupa. Wanatia alama wakishaitazama. Ina maana mtu alishapita, haina kitu."

"Haina kitu?"

"Takataka. Weka bakulini."

Akaigeuza. Akaiweka bakulini bila sauti, juu ya nyingine zote. Kisha akaenda kukoroga kabichi, mgongo kwangu.

Nikasubiri kijiko kianze kugonga sufuria. Nikanyoosha mkono taratibu, nikaitoa kwenye bakuli, nikaitia mfukoni. Kazi safi. Hata Szabo angenipigia makofi.

Kijiko kikasimama.

"Huu mlango wa jiko," mama akasema bila kugeuka, "niliwaambia mimi, kioo kikubwa hivi cha nini, kinaonyesha jikoni pote. Darrell akasema, mama, ni ili uone keki."

Nikakaa na mkono mfukoni.

"Nilikuwa najikuna," nikasema.

Akarudi mezani. Hakukaa. Akaingiza vidole bakulini, kwenye zile nilizotia humo mimi mwenyewe, akachagua moja iliyomsumbua tangu mwanzo, akaisimamisha mbele yangu kwa ukingo. Nyeupe. Yote nyeupe, hakuna mstari popote. Mwaka sitini na nne.

"Hii ndiyo fedha, au nimejifunza vibaya?"

"Ndiyo yenyewe."

"Umeitupa."

"Imeniponyoka."

"Hivi mtu anayetafuta nyumba ya Florida anatupa fedha, halafu anaiba takataka kwenye bakuli la mama yake?"

Nilitafuta mzaha. Nina mizaha mingi, muulize yeyote mjini.

Mama akavuta droo ya betri zilizokufa. Akatoa kile kichupa. Rangi ilikuwa imebaki kidogo sana chini, imekauka, na kifuniko kilikuwa kimebanwa kwa mpira, jinsi Darrell alivyofunga kila kitu. Akakiweka kando ya ile sarafu ya fedha.

"Hii rangi niliinunua mimi, Clint," akasema. "Na ile soksi niliikunja mimi kwa mkono wangu. Haikuwa na uzito. Juzi nimeisogeza nikasema, labda panya wa humu wameanza kuweka akiba."

Kabichi ilikuwa inaungua. Hakuna aliyegeuka.

"Nilizimwaga mimi, sivyo?"

Mkono wangu ulikuwa bado mfukoni, kidole gumba juu ya kitone.

"Usinijibu kwa mzaha," mama akasema. "Toa mkono, mwanangu. Nami nione."