Mwanya wa Vidole Vitatu

Kwenye kikundi chetu cha kusoma Biblia tuligawana siku za uumbaji kwa kura, na mimi kura ikaniangushia siku ya pili. Sikuficha hasira yangu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, alipata samaki na ndege. Jirani yetu mshonaji akapata jua, mwezi na nyota. Mimi nikapewa anga. Mtu atazungumza nini dakika kumi nzima juu ya anga? Nilimwambia Mwalimu, mama mstaafu anayetuongoza, kwamba mimi ni fundi bomba, kazi yangu iko chini ya sinki, huko juu sijawahi kuitwa. Akacheka, akaniandika kwa Jumamosi saa kumi.

Ukweli ni kwamba wiki hiyo akili yangu yote ilikuwa kwenye barua. Binti yangu anafanya kazi maabara, anapima damu za wagonjwa, na alikuwa ameitwa kazini katika hospitali kubwa ya mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Alitakiwa kujibu kabla ya Jumatatu. Aliiweka barua mezani, mbele ya sahani yangu, akasema: "Baba, ukisema nisiende, siendi. Na sitanuna." Nikamjibu nitafikiria, kisha nikaenda kufungua koki ya jikoni ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Alikuja nyumbani kwa wiki mbili, mama yake alipofariki. Sasa ni miaka minne. Hakuna aliyesema wiki mbili zimekwisha, na mimi nilijihadhari kuliko wote nisiseme. Anatoka kazini anapika, anafua, ananisikiliza nikilalamika. Nampigia simu mara tatu kwa siku kumuuliza chumvi iko wapi, na chumvi naiona. Ana miaka thelathini na miwili. Zamani rafiki zake walikuwa wakija kumtembelea, siku hizi hawaji, kwa sababu nilikuwa nakaa nao sebuleni mpaka waage. Nilijiambia huo ni upendo, na ulikuwa upendo kweli. Sitaki mtu aje kunitafutia jina lingine.

Alhamisi asubuhi shemeji akanipigia simu. Anaishi ghorofani, na chini ana saluni yake. Alisema chai yake inatoa povu. Nikamwambia apunguze maziwa. Akasema chai yenyewe ni ya rangi, na nisipofika upesi ataanza kutoa povu yeye.

Nilionja maji ya jikoni kwake. Yalikuwa na shampuu, tena ile ya harufu nzuri. Nikateremka saluni. Kwenye sinki la kuoshea nywele, koki ilikuwa imevalishwa mpira mrefu, na ncha ya mpira imelala ndani ya maji machafu. Nikaanza kufoka. Nilitaka kujua ni mjinga gani aliyefanya kazi ile. Maji yakikatika, bomba linavuta, na mpira uliozama unanyonya uchafu wa sinki na kuupeleka moja kwa moja kwenye maji ya kunywa. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua hilo. Shemeji alisubiri nimalize, akafuta mikono kwa taulo, akasema taratibu: "Ni wewe, shemeji. Nililalamika kwamba maji yananirukia, ukaniwekea mpira."

Nikakumbuka. Ulikuwa mwaka ule wa msiba, nilipofanya kazi nyingi mikono ikiwepo na akili haipo. Niliomba radhi, jambo ambalo shemeji amelisimulia mtaa mzima kama muujiza.

Niliung'oa mpira, nikafunga koki fupi, kisha nikapima kwa mkono kutoka mdomo wa koki hadi ukingo wa sinki. Vidole vitatu. Shemeji akauliza hapo katikati nitaweka nini. Nikamwambia hapawekwi kitu. Ni hewa tu. Maji ya juu yanashuka, ya chini hayana njia ya kupanda, na hakuna kifaa dukani kinachoushinda mwanya huo. Yatamrukia kidogo, avae aproni. Vidole vyangu vilikuwa bado viko pale kwenye mwanya nilipoikumbuka siku yangu ya pili. Maji juu, maji chini, na katikati nafasi tupu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, mpaka shemeji akaniuliza kama nataka kusukwa.

Jumamosi binti yangu alikuja nami kwa Mwalimu, akakaa karibu na mlango. Nilizungumza nikitazama viatu vyangu. Nilisema kwamba kabla ya siku ile yalikuwepo maji matupu, juu hata chini, hakuna pa kusimama wala pa kuvuta pumzi. Siku ya pili Mungu hakujaza kitu. Alifungua nafasi, akaiita mbingu, na siku nzima ikaishia hapo. Ndege wa shemeji, jua la mshonaji, sisi na pumzi zetu, wote tumekuja kuingia katika nafasi ile. Niliwasimulia habari ya mpira, wakacheka sana. Nikasema miaka yote nikimwomba Baba aliye mbinguni nilidhani nataja umbali wake. Sasa nadhani nataja nafasi aliyotuachia ili tuishi, naye yupo hapohapo, ameishikilia isijifunge.

Nilifikiri nimemaliza. Mwalimu akavua miwani. "Fundi, umeona kilichokosekana kwenye siku yako? Siku nyingine zote Mungu anatazama kazi yake na kuona kuwa ni vyema. Siku ya pili hilo halikusemwa. Unadhani ni kwa nini?"

Sikuwa nimeliona, na nilikuwa nimeisoma sura ile labda mara ishirini. Mshonaji alidhani mwandishi alipitiwa, na Mwalimu akatikisa kichwa. Watu wakanisubiri. Nilitazama mlangoni, nikamwona binti yangu ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua kamba ya mkoba wake.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Maji yale yalikuwa pamoja tangu mwanzo. Labda siku ya kutenganishwa haikuwa siku ya kusema ni vyema. Labda ilibidi kusubiri kesho yake, nchi kavu itokee, majani yaote." Nikajifanya nakohoa, na shemeji, Mungu ambariki, akaanzisha sala ya kufunga kabla hajaombwa.

Tulirudi kwa miguu, jua likiwa bado lipo. Tulipita duka la dawa na mafundi viatu. Niliogopa. Niliogopa meza ya mtu mmoja, niliogopa kuugua peke yangu, niliogopa kwamba atakwenda na atapapenda huko. Tulipofika kwenye kona yetu nikasimama, nikamwambia aijibu ile barua leo hii, awaambie anakwenda.

Akanigeukia. "Baba, niambie basi kwamba ni vyema niende. Ukiniambia hivyo nitaondoka na amani."

"Siwezi, mwanangu," nikasema. "Leo siwezi kulisema hilo. Lakini nenda."

Akalia, nami nikalia, palepale kando ya barabara, watu wakitupisha. Alinishika mkono kwa nguvu. Kisha akauachia, akatangulia nyumbani kwenda kuandika jibu, na mimi nikabaki pale kwenye kona, nikamwacha atangulie.