Difu ya Merubhai

Hetvi hakuwahi kujivunia kazi yake kama siku walipofunga kwenye trekta la Merubhai difu mpya, sanduku la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma. Aliichora kwa kompyuta, na gia zake mbili za umbo la koni, ndogo ya kusukuma na kubwa ya kupokea, zikachongwa meno palepale Rajkot, kwenye karakana ya baba yake mdogo, Vallabhdas. Walipoyapaka meno rangi ya buluu na kuzizungusha kwa mkono, alama ilitua katikati ya kila jino, kama programu ilivyoonyesha.

"Umeiva, mwanangu," alisema Vallabhdas, ambaye si mtu wa kumwaga sifa.

Merubhai, mkulima wa karanga, tangu mwanzo alitaka breki kubwa upande wa kushoto. Nafasi haikuwepo, basi Hetvi akaihamishia gia kubwa kulia. Kwenye kompyuta lilikuwa jambo la kubonyeza tu.

Mchana, majirani wakiwa wamefunga maduka yao na kulala, Merubhai akapanda trektani.

"Tokeni mbele! Nikianza, sisimami mpaka Gondal!"

Wote wakaenda nyuma ya trekta. Vallabhdas akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinywa chai kwenye kisahani.

Injini ikanguruma. Merubhai akaingiza namba moja, akaachia klachi.

Trekta likarudi nyuma.

Vallabhdas alijitupa kando. Ndoo ikasagwa bapa. Ukuta wa ofisi ya karakana, uliokuwa nyuma yao, ukaanguka, trekta likazimika gurudumu moja likiwa juu ya meza ya Hetvi.

Vumbi likatanda.

"Nimeweka namba moja," Merubhai akanong'ona, mikono imeganda kwenye usukani. "Naapa kwa mama yangu."

"Umeweka rivasi, mzee wewe!" Vallabhdas akafoka kutoka sakafuni.

"Njoo uone mwenyewe!"

Hetvi ndiye aliyekwenda kuona. Ilikuwa namba moja kweli. Akainama, akatazama chini ya trekta.

"Ni mimi," alisema. "Nimeihamisha gia kubwa upande wa pili wa ile ndogo. Sasa inazunguka kinyume. Baba Mdogo, ni mimi."

Vallabhdas alikaa vumbini, kisahani bado kimo mkononi, chai yote imemwagikia kifuani.

"Mchoro nimeupitisha mimi," alisema hatimaye. "Niliangalia meno. Meno tu." Akakiweka kisahani chini.

"Kwa hiyo," Merubhai akauliza, "nina namba nne za rivasi, na moja tu ya kwenda mbele?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Baadaye waliirudisha gia kubwa kushoto, breki ikahamia kulia. Siku ya kulijaribu tena, trekta lilitoka mlangoni likitazama mbele, Merubhai akipiga honi. Vallabhdas alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Hetvi alikuwa kando yake, amelikamata shati la baba yake mdogo kwa nyuma, na hakuliachia mpaka trekta lilipopinda kona.