Mdiria Hangoji Tatu

"Jirani, kuku wangu amekukosea nini mpaka unamnyemelea kifudifudi?"

Ndivyo jirani alivyomuuliza Mama Studio asubuhi moja, kasimama ukingoni mwa ua na beseni la nguo kiunoni. Swali lilikuwa la haki. Mwanamke mzima, mjane wa kuheshimika, asiyekosa ibada wala mazishi, kalala kwa tumbo chini ya kamba ya nguo, viwiko vimezama topeni, jicho moja kalifumba, na kamera kamwelekezea tetea aliyekuwa akiparua majani makavu.

"Hajanikosea kitu. Najifunza kunyamaza."

"Kunyamaza? Si ungesema nikuazime mume wangu. Ukimtolea neno moja anakurudishia kumi. Utanyamaza mwenyewe bila mwalimu."

Mama Studio akacheka, na tetea akaruka. Picha ikatoka bila kuku.

Jambo lenyewe lilianzia chumbani. Marehemu mumewe alimwachia studio ya picha, chumba cha mbele katika nyumba ya mama mkwe. Ndani mlikuwa na stuli ya wateja, taa mbili zenye miavuli, na kitambaa kikubwa ukutani kilichochorwa mbingu ya buluu na mawingu. Humo alijifunza kazi kwa mumewe, na humo alipiga pasipoti, maharusi na watoto wa mwaka mmoja waliolia kabla hata hawajakalishwa. Lakini siku hizi kila mtu anatembea na kamera mfukoni. Wateja walipungua kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliuza vipuri vya pikipiki, na jicho lake lilikuwa kwenye chumba hicho.

"Mama, nipe niweke stoo," alimwambia mamaye. "Stoo haitafuti wateja. Studio isiyo na mteja si ni stoo ya hewa?"

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Aliposikia kwamba ofisi ya bwawa lililo nje ya mji inafundisha upigaji picha za viumbe, na kwamba atakayefuzu atapewa kazi ya kupiga picha za ndege kwa ajili ya mabango yao, alimwita mkwewe.

"Nenda. Ukiipata kazi hiyo, chumba ni chako. Ukiikosa, mpe shemeji yako, na usije ukaninunia."

Mama Studio akaitikia, akaenda kusali, akafuta vumbi kwenye kamera.

Siku ya kwanza ilikuwa ya aibu. Mwalimu wao, mwanamke mwembamba aliyevaa mabuti na kusema kwa sauti ya chini hata akiwa mbali na ndege, aliwapanga nyuma ya matete. Kwenye mti mkavu uliochomoza majini alitua mdiria, mgongo buluu, mdomo kama sindano ya kushonea magunia.

"Shikeni pumzi," mwalimu akanong'ona. "Bonyezeni taratibu, kama mnamgusa mtoto aliyelala."

Mama Studio akaweka jicho. Ndege akamjaa kwenye kioo. Na kinywa chake, chenyewe, bila kuulizwa, kikasema kwa sauti ya studio:

"Haya, tulia hapo hapo. Inua kidevu. Moja, mbili..."

Kwenye mbili mdiria alikuwa keshavuka bwawa.

Kicheko kikalipuka. Mfamasia mmoja aliyekuja na lenzi ndefu kama mchi akashika mbavu. "Mama Studio! Si ungemwambia kwanza afunge kifungo cha juu!"

Mwalimu hakucheka. "Mtu unamhesabia ili ajiandae," alisema. "Ndege akijiandaa, anajiandaa kuondoka."

Alilielewa neno hilo vizuri. Tatizo halikuwa kuelewa. Miaka yote ile moja-mbili-tatu ilikuwa ikimtoka kama amina mwishoni mwa sala. Hakuisema yeye, ilijisema. Kesho yake ikajisema tena, na wenzake wakaanza kwenda kukaa mbali naye, kila mmoja na kisingizio chake. Picha chache alizopata, za bata wasiojali kelele, zote zilikuwa za aina moja: ndege katikati, kakaza shingo, anatazama mbele.

"Huyu anaomba viza?" mwalimu akamuuliza, akimwonyesha mmoja. "Ndege anayekwenda usimbane katikati. Msogeze pembeni, mwachie nafasi mbele yake. Mtazamaji aone anakokwenda."

"Sasa mwalimu, nusu ya picha ibaki tupu? Mteja si ataniuliza mwenzake nimemkata wapi?"

"Huyu mteja hatauliza."

Jioni ile alipiga magoti kando ya kitanda. "Ee Mola," alisema, "ulimi ulinipa. Nipe na hatamu yake." Na kwa kuwa alijua kuomba ni kuomba na jembe ni jembe, alfajiri alikwenda uani kwa jirani kulala mbele ya kuku. Alikunja ncha ya mtandio wake, akaitia kinywani, akauma. Hesabu ikapanda kooni, ikakuta mlango umefungwa. Akabonyeza. Akapata kuku nusu. Akarudia. Kila asubuhi alirudia, mpaka tetea akamzoea na kuja kumdonoa kifungo cha mkono, na mtandio ukatoboka pembeni.

Siku ya mwisho mvua ilinyesha alfajiri, na ukingo wa bwawa ukawa tope tupu. Wenzake walisimamisha kamera juu ya miguu mitatu ya chuma. Mama Studio aliiacha yake, akatandika gunia, akalala.

Mwalimu alikuwa amewafundisha wasimfukuze mdiria kwa lenzi, maana hakuna mkono unaomfikia. Yeye huchupa, huvua, kisha hurudi kwenye mti uleule. Basi elekeza kwenye mti kabla, weka kasi ya juu, ngoja. Akafanya hivyo. Mdiria akachupa; alipobonyeza, ndege alishapita, akapata mawimbi. Akachupa tena; pumzi yake mwenyewe ilikuwa imetia ukungu kwenye kioo. Akakifuta, akalala tena.

"Mama Studio, twende tukanywe chai," mfamasia akaita. "Mdiria naye ana ratiba zake."

"Nitangulieni, mwanangu."

Sisimizi akampanda shingoni, akamuuma. Hakujikuna. Viwiko vilikufa ganzi. Alifikiria kitambaa cha mbingu kikivuliwa ukutani na maboksi ya vipuri yakipangwa mahali pake, akauma mtandio kwa nguvu zaidi. Alisogeza kamera kidogo, mti ukakaa pembeni ya kioo, na sehemu kubwa ikabaki maji. Mkono ulitaka kuurudisha katikati. Akaukataza.

Mdiria akachupa. Maji yakapasuka. *Moja*, kooni, ikaishia kwenye kitambaa. Kidole hakikuingoja mbili. Ta-ta-ta-ta-ta, kamera ikapiga mfululizo.

Picha ya kwanza ilikuwa mti mtupu. Ya pili, mkia. Ya tatu, mdiria karudi mtini, samaki mdomoni, kayaelekea maji. Mwalimu aliikuza mpaka jicho la ndege likajaa kioo, akalikagua hadi Mama Studio akaanza kutoka jasho.

"Jicho ni kali," mwalimu alisema mwishowe. "Samaki katikisika kidogo, lakini jicho ni kali kabisa. Jumatatu njoo ofisini, uje tayari kwa kazi. Na ununue mtandio mwingine."

Alirudi nyumbani na tope mpaka nyusi. Mlango wa studio ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa ndani na futi ya kupimia, anapima ukuta. Mbingu ya buluu ilikuwa imekunjwa na kusimamishwa pembeni. Mama mkwe alikaa kwenye stuli ya wateja, mikono mapajani.

Mama Studio alisalimu, akawasha kompyuta, akaiweka picha.

Shemeji akainama. "Ndiye huyu? Na risiti anayo, au atakuja kuchukua picha yake hivi hivi?"

"Ofisi ya bwawa ndiyo itakayoichukua. Naanza kazi Jumatatu."

"Kwa picha hii? Umemweka pembeni! Angalia, nusu nzima maji matupu. Umri wote huu studio, shemeji, katikati hupajui?"

"Si matupu. Ndiko anakokwenda."

Mama mkwe alinyanyuka polepole, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alikuwa haoni vizuri. Akafuatisha kidole toka mdomoni mwa ndege, juu ya yale maji, mpaka mwisho wa picha.

"Ana samaki," alisema.

"Ndiyo, mama."

Kikongwe akamgeukia mwanawe. "Nilisema nini mimi?"

"Mama, ulisema akiipata kazi, lakini..."

"Kaipata, hakuipata?"

Shemeji akatazama ukuta, akatazama mdiria.

"Vipuri vyangu vitalowa, mama. Mvua ndiyo hii imeanza."

"Kitundike kitambaa cha watu," mama mkwe akasema, "na ufunguo uuache."

Shemeji alipanda kwenye kiti, akatundika mbingu, upande mmoja juu, mwingine chini. Akashuka, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani kando ya kamera yenye tope, akatoka na futi yake.